Habari za Mfuko wa Mwalimu Hilde Back



Katika mkutano wetu wa mwaka ilitolewa hoja ya kuanzisha mfuko wa karo kwa jina la mwalimu wetu marehemu, na papo hapo pakazuka ubishi: je, fedha hizo wapewe watoto wa wenyeji peke yao, ama na watoto wa wakimbizi wa makazi ya Kalobeyei pia? Shauri halikukatwa. Kamati ikaniagiza nitafute habari za mfuko wa namna hiyo uliokwisha kufanya kazi katika Kenya, nami nimeona ule wa Hilde Back ndio unaofaa kuelezwa.

Hilde Back alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika jamaa ya Kiyahudi. Alipokuwa msichana, serikali ya Wanazi iliwanyang'anya Mayahudi haki zao moja baada ya moja, hata mwezi wa Novemba 1938 watoto wao wakakatazwa kabisa kuingia shule za serikali. Mwaka 1940 Hilde alikimbilia Uswidi. Wazazi wake hawakuokoka. Waliuawa katika kambi za Wanazi. Huko ugenini alipata kazi ya kufundisha watoto wadogo, na katika mshahara wake akawa akitoa yapata dola 15 za Kimarekani kila muhula kumlipia karo mtoto mmoja wa Kenya ambaye hakupata kumwona. Mtoto huyo ni Chris Mburu wa kijiji cha Mitahato, Kiambu, hodari wa masomo, ila kwao hapakuwa na uwezo.

Naomba wazee waitazame hesabu hiyo. Dola 15 si mali. Nguvu yake ilikuwa katika kufika kila muhula bila kukosa. Sisi tushikao daftari twajua kwamba mara nyingi mtoto harudishwi nyumbani kwa kukosa fedha nyingi, bali kwa kile kidogo kilichopungua siku ya kufungua shule.

Mburu alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Harvard huko Marekani, akaingia kazi ya haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alianzisha mfuko wa kuwasomesha watoto maskini wenye bidii, akaupa jina la Hilde Back, hali hajui yule bibi yuko wapi wala kama yu hai. Ubalozi wa Uswidi ulisaidia kumtafuta, akapatikana, akaja Kenya, na wanakijiji wakampokea kwa nyimbo. (Sisi huku desturi yetu ni kumngoja mwalimu afe kwanza.) Alifariki mwaka 2021.

Mfuko huo haukukosa taabu. Filamu ya Jennifer Arnold iitwayo A Small Act, iliyotolewa mwaka 2010, yaonyesha watoto wakingoja alama za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa kuwa mfuko ulikuwa umeweka kiwango cha alama na fedha hazikuwatosha wote. Yaonyesha pia machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo jirani alimwinukia jirani kwa ajili ya kabila. Watu wengi walioitazama filamu walitoa michango, na mfuko ukapata nguvu.

Nairudia hoja yetu. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei mwaka 2016, kwa kusudi kwamba wakimbizi na wenyeji watumie pamoja shule na zahanati. Wapo wanachama wasemao kwamba mkimbizi ana wafadhili wake, na mtoto wa Mturkana hana. Neno hilo lina uzito, wala silipuuzi. Nimewaona wazazi wakiuza mbuzi wa mwisho kwa ajili ya karo ya bweni. Lakini karo ya Mburu, mtoto wa wenyeji, ilitoka mkononi mwa mkimbizi aliyefungiwa shule kwao.

Katika rasimu ya kanuni, kifungu cha wanaostahili nimekiacha wazi, kingoje uamuzi wa mkutano.