Vita vya Kete na Vita vya Vifaru

Mwanadamu ana tabia moja ya ajabu: vita huvichukia, lakini mfano wa vita huupenda. Huondoa damu na kilio, akabakisha werevu, ushindani na hofu ndogo ya kushindwa, kisha akauita mchezo. Historia ya michezo ya namna hii yatufundisha kwamba mchezo huzaliwa upya kwa kubadilishwa kanuni, wala si kwa kuongezwa mapambo.

Tuanze nyumbani. Katika pwani ya kusini ya Kenya, toka Diani hata Msambweni na Vanga, wazee hucheza bao barazani, na vijana wasio na ubao huchimba mashimo mchangani. Kete zake ni komwe, mbegu ngumu za mmea wa miiba uotao karibu na bahari. Mashimo ni 32, kete ni 64, na wachezaji ni wawili. Katika bao la kujifunza, kila shimo hutiwa kete mbili, na vita huanza mara moja. Lakini katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni. Zile 22 zilizosalia huziingiza moja moja katika kunamua, huku akiilinda nyumba yake. Ubao ni ule ule, na kete ni zile zile. Ila kanuni zimebadilika, na mchezo wa mwanafunzi umekuwa mchezo wa fundi.

Sasa tuvuke bahari. Vifaru vya kweli viliingia vitani mara ya kwanza Septemba 1916, huko Ufaransa. Miaka 58 baadaye, yaani mwaka 1974, kampuni ya Kee Games ya Marekani ilitoa mchezo wa mashine ulioitwa Tank. Wachezaji wawili walisimama mbele ya kioo kimoja. Kila mmoja alishika vipini viwili, kimoja cha mnyororo wa kulia na kimoja cha mnyororo wa kushoto, akaendesha kifaru chake baina ya kuta na mabomu ya kutegwa, akimwinda mwenzake.

Mwaka 1977 kampuni ya Atari iliugeuza mchezo huo kuwa wa nyumbani, ukaitwa Combat. Mashine yake ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128 tu, yaani nafasi ya herufi 128, isiyotosha hata kuandikia aya hii. Kwa umaskini huo, mapambo hayakuwezekana. Basi waundaji wakabadilisha kanuni. Mara risasi zikawa zinadunda ukutani, na mchezaji akalazimika kupima pembe. Mara risasi ikawa inaongozwa hata baada ya kufyatuliwa. Mara vifaru vikawa havionekani ila kwa nukta chache, na mchezaji akalazimika kukumbuka. Pamoja na vita vya ndege, zikapatikana namna 27 katika mchezo mmoja. Mfano wa majaribio wa mchezo wa pili, Combat Two, uliundwa katika miaka ya 1980, lakini haukuuzwa wakati huo. Ndivyo majaribio yalivyo: si yote yafikayo sokoni.

Hata hivyo tusisahau kilichoachwa nje. Katika bao, kete iliyoliwa haifi. Hupandwa upande wa aliyeila, ikaendelea na safari. Katika Tank, kifaru kilichopigwa hurejea uwanjani punde. Lakini tarehe 18 na 19 Januari 1915, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Jasini, mpakani karibu na Vanga, na waliouawa pale, Waafrika, Wahindi na Wazungu, hawakurejea. Mchezo wa vita huinoa akili maadamu mchezaji aijua tofauti hiyo.

Nanyi vijana, msidhani kwamba kuunda michezo ni kazi ya watu wa mbali. Chimbeni mashimo, chagueni kanuni moja, muibadilishe, kisha mcheze mwone kilichotokea. Ila hapana awezaye kubadilisha kanuni asiyoijua, na kanuni za bao zimehifadhiwa zaidi vichwani mwa wazee kuliko vitabuni. Basi kaeni nao barazani kwanza, mkubali kufungwa mara nyingi. Mcheza kwao hutunzwa.