Pikapu Imeinuliwa, Sawa. Breki Je?

Kila mtu akiona pikapu ya anko yangu anauliza swali moja: inavuta ngapi? Imeinuliwa, ina tairi kubwa, springi zimeongezwa, na nyuma kuna trela ya ng'ombe. Hakuna anayeuliza inasimama aje.

Huo ugonjwa ni wa zaidi ya miaka mia. Mwaka wa 1914 huko Detroit, Marekani, mfanyabiashara wa mbao anaitwa Sibley alitaka kusafirisha boti yake kwa Ford Model T, gari ya nguvu za farasi 20 tu. Akaenda kwa mhunzi, August Fruehauf, aliyezoea kuunda mikokoteni ya farasi. Fruehauf akamtengenezea trela, ikafungwa nyuma ya Ford. Sibley akaipenda, akaagiza zingine za kubebea mbao, na kufikia 1918 mhunzi alikuwa na kampuni ya trela.

Hapo ndipo watu huishia kusimulia. Mimi nataka tuongee breki.

Pedali ya breki ya Model T haikushika magurudumu. Ilikaza mkanda ndani ya giaboksi, halafu nguvu ikapitia shafti hadi tairi za nyuma. Tairi za mbele hazikuwa na breki kabisa. Sasa watu wakaanza kuigeuza lori. Wakarefusha chasi, wakaweka eksili nzito, na wengine wakafunga giaboksi ya pili nyuma ya ile ya Ford, kama Warford, ndio ipande mlima na mzigo. Na ilipanda kweli. Lakini ukibadilisha gia ya hiyo ya pili na ikatae kuingia, breki ya mguu imekatika na tairi. Unakanyaga, mkanda unakaza vizuri kabisa, na gari inaendelea kuteremka. Kile kitu walichoongeza cha kuvuta kilikaa katikati ya mguu na tairi! Wenye akili wakanunua breki za ziada za magurudumu ya nyuma, zile za Rocky Mountain.

(Niliacha uni mwaka wa pili, lakini hii historia naisoma usiku kama novo.)

Mwezi wa nne tulikuwa tunateremka Mai Mahiu na ng'ombe wawili, trela ikaanza kuyumba. Anko akakanyaga breki, ikazidi. Nikapiga nduru, "Anko, achilia! Shika usukani tu!" Akaachilia, gari ikapungua mwendo pole pole, tukasimama kando tukiwa tumenyamaza wote wawili.

Fundi aliinua pikapu lakini ndoano haikushushwa, kwa hivyo pua ya trela ilitazama juu. Na ng'ombe tuliwafunga nyuma kabisa. Mkono wa trela unafaa kulalia ndoano na kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela na mzigo wake. Ukiwa mwepesi, mkia ndio unaendesha gari. Tairi kubwa nazo zinachosha breki zilezile za zamani. Na springi za ziada zinanyoosha tu mgongo wa gari. Kiwango cha kuvuta alichoandika mtengenezaji hakijasonga hata kilo moja.

Ndoano imeshushwa, minyororo ya usalama imefungwa kwa kupishana. Breki za trela yenyewe, anko anasema, "Kijana, hizo ni pesa." Nimemwambia sipandi tena hadi aziweke.

Bado hajanipigia.