Kamera za taa nyekundu

Kamera za taa nyekundu ni mitambo inayofungwa kwenye makutano ya barabara ili kupiga picha magari yanayopita wakati taa za kuongozea magari zikiwa nyekundu. Mara nyingi nyaya zilizofukiwa chini ya lami, karibu na mstari wa kusimama, hutambua gari linalovuka baada ya taa kubadilika. Kamera hulipiga picha gari hilo pamoja na namba yake ya usajili. Picha ikishakaguliwa, hati ya faini hutumwa kwa mwenye gari.

Historia

Kamera hizi zilianza kutumika Ulaya katika miaka ya 1960. Miongoni mwa watengenezaji wa kwanza ilikuwa kampuni ya Gatsometer ya Uholanzi, iliyoanzishwa na dereva wa mbio za magari Maurice Gatsonides. Nchini Marekani, jiji la New York lilianza kuzitumia mwaka 1993 na Chicago mwaka 2003.

Mjadala kuhusu usalama

Utafiti wa serikali kuu ya Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulichunguza maeneo 7 yenye kamera. Ulionyesha kwamba ajali za gari kugongwa ubavuni zilipungua kwa takriban 25%, lakini ajali za kugongwa kwa nyuma ziliongezeka kwa takriban 15%, kwa kuwa baadhi ya madereva hufunga breki ghafla. Wanaounga mkono kamera husema kwamba ajali za ubavuni ndizo zinazoua na kujeruhi zaidi, hivyo faida inazidi hasara. Wapinzani hujibu kwamba ajali zingeweza kupunguzwa bila faini, kwa mfano kwa kurefusha muda wa taa ya njano.

Mjadala kuhusu fedha na haki

Wapinzani wengi hudai kwamba lengo la kamera ni kuijazia miji mapato. Huko Chicago, ambako faini ni dola 100, shaka hiyo iliongezeka mwaka 2016, wakati ofisa wa zamani wa jiji, John Bills, alipofungwa miaka 10 kwa kupokea rushwa ili kuipendelea kampuni ya kamera ya Redflex.

Suala jingine ni nani awajibike. Kamera hutambua gari, si lazima dereva. Aliyeazima gari lake anaweza kudaiwa kwa kosa la mwingine. Mwaka 2007 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo la Minnesota ilibatilisha sheria ndogo ya jiji la Minneapolis iliyomhesabu mwenye gari kuwa mkosaji mpaka athibitishe vinginevyo.

Hali ya sasa

Msimamo hutofautiana kati ya majimbo. Wapiga kura wa Houston walizikataa kamera mwaka 2010, na jimbo zima la Texas likazipiga marufuku mwaka 2019. Kinyume chake, mwaka 2024 jimbo la New York liliruhusu jiji la New York kuongeza makutano yenye kamera kutoka 150 hadi 600.