Kipisho, Wala Si Kijalizo

Kamati fulani, ambayo naamini wajumbe wake hawajawahi kutazama kipindi kimoja cha Naruto hadi mwisho, imependekeza kwamba vipindi vya anime visivyotokana na manga viitwe vijalizo. Napinga.

Kijalizo kina kazi yake katika sarufi, nayo ni kukamilisha. Katika "Otieno ni daktari", ondoa daktari uone sentensi inavyoning'inia. Sasa ondoa kile kipindi cha Dragon Ball Z ambamo Goku na Piccolo wanahangaikia leseni ya udereva. Hadithi ya Toriyama imepungukiwa nini? Manga haikuwa na tundu. Tundu lilikuwa katika ratiba ya televisheni: sura ya manga hutoka kwa wiki, kurasa zake hazifiki ishirini mara nyingi, na kipindi kimoja cha anime chaweza kumeza sura mbili. Anime ikaja kumkanyaga mwandishi visigino. Ndiyo maana Naruto ya kwanza, yenye vipindi 220, ilitumia themanini na kitu vya mwisho, takriban vyote, kumsubiri Masashi Kishimoto.

Vijana wa mtaa wa Satellite, Nairobi, wanaojaziwa filamu kwenye flashi kandokando ya Barabara ya Naivasha husema fila, yaani filler ya Kiingereza, na wanaelewana. Lakini fila tunayo tangu zamani, na methali ilishaonya kwamba lila na fila havitangamani. (Manga nayo, kwa wazee wa Pwani, ni Uarabuni, ndiko lilikotoka jina la pilipili manga. Hilo nimelisamehe.)

Neno langu ni kipisho. Pita huzaa pisha kama pata inavyozaa pasha. Kisha ki- na -o, kwa utaratibu uleule uliotupa kizibo, kipimo na kifuniko. Kupisha ni kusogea kando ili mwingine apite. Kwenye reli ya zamani inayotoka Nairobi kwenda Kikuyu kupitia Kibera na Dagoretti, njia ni moja, hivyo treni moja husimama stesheni hadi nyingine ipite. Anime nayo husimama, manga itangulie. Na tazama utajiri wa mzizi huu: pishana ni kupeana njia, na pia ni kutofautiana, kama tusemavyo wamepishana kauli. Yote mawili yamo katika vipindi hivi. Kuna msomi mmoja anayeng'ang'ania "kijazanafasi". Namwachia nafasi yake aijaze.

Neno likishakaa sawa, swali la iwapo vipindi hivi vinaafikiana na manga linajibika. Aliyesogea kando hana ruhusa ya kuibadilisha njia. Kwa hiyo katika kipisho mhusika mkuu hafi, hapati nguvu ya kudumu, wala kesho hakumbuki yaliyompata, na hapo ndipo vingi vinapochosha. Kilicho bora nikijuacho kimo katika One Piece, kipindi cha 196 hadi 206: Luffy na wenzake wanashuka kutoka kisiwa cha angani na kuangukia katikati ya ngome ya jeshi la majini, G-8. Kwenye manga ya Oda huangukia baharini tu. Mtungaji alipasua mshono palepale ulipokuwa, akatia visa vyake, akaushona tena. Fullmetal Alchemist ya 2003 si kipisho hata kidogo. Hiyo iliacha reli ya Arakawa ikajijengea yake, na mwaka 2009 ikabidi hadithi isimuliwe upya. Kamati inaviweka vyote kapu moja.

Neno hili niliwahi kuliwasilisha katika kikao cha istilahi. Kumbukumbu za kikao zililitaja kwa jina la "pendekezo jingine", bila kulitaja lenyewe, na chai ikaletwa.

Matumizi: kipindi cha kipisho, vipindi vya vipisho, mtu akiwa na haraka aseme tu, "Viruke hivyo, ni vipisho."