Si Kila Uvimbe wa Ziwa Ni Saratani: Historia Kutoka Milima ya Usambara



Mwali anayegusa kifundo kwenye ziwa wiki chache kabla ya ndoa mara nyingi humficha mama, humficha hata somo wake. Anaogopa saratani, na anaogopa maneno ya watu. Tumeona vyema tuvuke bahari hadi Usambara, tutazame wenzetu wa bara walivyopita njia hii.

Milimani kwa Wasambaa uganga una mizizi mirefu. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo, na Lushoto ikaja kuitwa Wilhelmstal. Baadaye milima ikapata hospitali ya misheni ya Bumbuli. Lakini hospitali haikufuta uganga. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara tangu miaka ya 1960, alionesha kuwa mgonjwa hakuamua peke yake: ndugu walikaa, wakashauriana, wakampeleka kwa mganga, hospitali, au kote kuwili.

Funzo letu liko hapo. Ndugu wakikaa pamoja mapema, mgonjwa hupona mapema. Wakishinda wakitafuta aliyeroga, siku zinapotea.

Kutenganisha uvimbe na uvimbe si elimu ya jana. Ibn Sina, aliyefariki 1037, aliyapa matiti sehemu yake katika Al-Qanun. Mwaka 1829 daktari Astley Cooper wa London alitoa kitabu kuhusu maradhi ya matiti, akieleza uvimbe mwingi usio saratani. Leo tunajua yafuatayo:

Fibroadenoma ni kifundo kigumu kama mpira, kinachoteleza ukikigusa, na huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Kikishathibitishwa, mara nyingi huachwa na kufuatiliwa. Hutolewa kikikua au kikisumbua.

Vifuko vya maji huonekana zaidi kwa wenye miaka 35 hadi 50. Kikiuma, daktari hukitoa maji kwa sindano.

Maumivu na mabonge yanayokuja kabla ya hedhi na kupungua baadaye hutokana na homoni. Sidiria inayoshika vizuri na dawa ya maumivu husaidia.

Uvimbe wa anayenyonyesha, wenye joto na homa, ni ugonjwa wa kutibiwa haraka. Usimwachishe mtoto ziwa ghafla. Maziwa yakibaki ndani hali huzidi. Huenda ukahitaji antibayotiki, na jipu likishatunga, usaha hutolewa hospitali. Usilikamue wala kulichanja nyumbani.

Lakini hakuna anayeweza kujua aina ya uvimbe kwa kugusa tu. Daktari hupima kwa mkono, kisha kwa ultrasaundi au mamografia kulingana na umri, na ikibidi huchukua chembe kwa sindano. Usichelewe ukiona ngozi imebonyea, chuchu imeingia ndani ghafla, damu inatoka, au kuna kifundo kwapani.

Kuhusu stara: omba daktari mwanamke, nenda na mama au dada. Asipopatikana, haja ya matibabu inaruhusu kutazamwa na daktari mwanamume kwa kiasi kinachohitajika.

Masomo na makungwi, mnapomfunda mwali usafi na mapishi, mfundeni pia kuujua mwili wake. Kwenda kupimwa hakumvunjii heshima. Ni kuitunza amana aliyopewa na Mola wake.