Kipimo cha Upepo cha Nahodha Beaufort

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye mbali na pwani hukutana vitabuni na maneno shwari, mwanana, dhoruba, tufani na kimbunga, na mwanafunzi humwuliza: dhoruba huishia wapi, na tufani huanzia wapi? Swali hili si la watoto tu. Liliwasumbua mabaharia kwa muda mrefu, nasi tumeona yafaa kusimulia jinsi lilivyopatiwa jawabu.

Ama zamani za matanga (ya vyombo, si ya msiba, wasomaji watuwie radhi), kila nahodha aliandika hali ya upepo katika daftari la safari kwa maneno aliyoyapenda. Upepo ambao mzee wa bahari kuu aliuita wa wastani, kijana aliyetoka bandarini jana aliuita mkali. Aliyesoma baadaye hakujua amsadiki nani.

Mwezi wa Januari 1806, Francis Beaufort, mzaliwa wa Ireland na nahodha wa manowari Woolwich ya Uingereza, aliandika kwamba tangu siku hiyo atakadiria nguvu za upepo kwa tarakimu. Wazo halikuwa lake peke yake. Mhandisi John Smeaton alikwisha kuupanga upepo kwa madaraja mwaka 1759, akitazama mapanga ya vinu. Lakini mwaka 1807 Beaufort aliacha kuuliza upepo unahisiwaje, akauliza chombo kinaweza kuchukua tanga kiasi gani. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, ilipo sifa yake. Sifuri ni shwari. Katika daraja la 4, manowari iliyotweka matanga yote huenda maili 5 hadi 6 za bahari kwa saa. Kuanzia la 6 matanga hukunjwa, na hupunguzwa zaidi kila upepo uzidipo. La 12 ni upepo ambao hakuna tanga liwezalo kuustahimili.

Kipimo hicho kilitumiwa katika safari ya Beagle iliyoanza 1831 chini ya nahodha Robert FitzRoy, na mwaka 1838 manowari zote za Uingereza ziliamriwa kukifuata. Kisha, Oktoba 1859, meli Royal Charter ilivunjika miambani huko Anglesey, karibu mno na nchi kavu, wakafa watu zaidi ya 400. FitzRoy, aliyekuwa sasa mkuu wa idara ya hali ya hewa, akaanza mwaka 1861 kuzipelekea bandari maonyo ya dhoruba kwa simu ya waya. Katika kazi ya namna hiyo, neno lisilo na mpaka lingeweza kuzamisha watu.

Matanga yalipotoweka, kipimo hakikufa. Mwaka 1927 nahodha Mjerumani, Petersen, alikieleza kwa uso wa bahari: katika 0 maji ni kama kioo, katika 3 vilele vya mawimbi huanza kuvunjika, katika 7 povu hupeperushwa kwa mistari, katika 12 hewa yenyewe hujaa povu.

Kiswahili chetu kimeupa upepo majina zaidi kwa utokako na majira yake: kaskazi, kusi, matlai, umande. Kwa nguvu zake, darasani sisi huweka mwanana kwenye 3, dhoruba kwenye 8, tufani kwenye 10 na kimbunga kwenye 12. Mwalimu aliyekaa na manahodha wa Lamu au Pemba, na atusahihishe.