Nyumba Isiyo na Israfu: Laurie Baker na Ujenzi wa Kerala

Katika miji ya pwani yetu zimesalia nyumba kongwe zilizoezekwa kwa vigae vyekundu vyenye mifuo, na mtu akipata sababu ya kupanda darini na kukigeuza kimoja mkononi, huenda akakuta mgongoni mwake jina la kiwanda cha Mangalore au cha Kalikuti, lililopigwa mhuri katika udongo kabla haujaingia tanurini. Vigae hivyo vilitufikia kwa njia ya bahari, na asili yake ni kiwanda alichokianzisha Georg Plebst wa Misheni ya Basel mwaka 1865, katika mji wa Mangalore, ambao mito yake huteremsha udongo mfinyanzi laini kutoka milimani. Kazi ile ilistawi upesi, wengine wakaiga, na kigae cha Mangalore kikawa bidhaa ya Bahari ya Hindi nzima. Nimeanza na kigae hiki kwa kuwa nitakirudia tena, pale kitakapotolewa juu ya paa na kuzikwa ndani ya zege, kwa mkono wa mtu ambaye hakupenda kuona kitu chochote kikipotea bure.

Kusini ya Mangalore ndiko iliko Kerala, ukanda mwembamba wa nchi uliobanwa baina ya milima ya Ghati za Magharibi na Bahari ya Arabu. Ndiyo Malabar ya mabaharia wetu wa kale, zilikotoka pilipili na mbao za msaji. Na jahazi za Ghuba, ambazo kwa karne nyingi zilitia nanga Lamu na Unguja, aghalabu zilichongwa kwa msaji wa huko. Mvua ya nchi hiyo hukaribia milimita 3,000 kwa mwaka, na iliyo kubwa kuliko zote huletwa na kusi mnamo mwezi wa Juni. Nyumba isiyojua kuishi na maji haidumu Kerala, na wajenzi wa kale waliifahamu kanuni hiyo bila ya kusomeshwa. Walipandisha paa likawa na mwinamo mkali, wakazishusha penu zake hadi karibu na kimo cha mtu ili mvua isizipige kuta. Na matajiri wakajenga majumba manne yaliyoshikana kuzunguka ua ulio wazi, ambamo mvua huanguka mbele ya macho ya wenyeji waliokaa pakavu barazani, na hewa yenye joto hupata njia ya kupandia. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mawe ya Lamu yenye ua wake wa ndani hatahitaji maelezo zaidi.

Jiwe lao, katika sehemu nyingi za nchi, ni lile jekundu lenye vijitundu ambalo likiwa chini ya ardhi hukatika kwa shoka kama jibini, na likitolewa nje likapigwa na hewa hugeuka gumu. Francis Buchanan, mtaalamu aliyeizunguka nchi ile kwa amri ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, aliliona pale Angadipuram, na kwa kuwa aliwakuta watu wakilikata mfano wa matofali, katika kitabu cha safari yake kilichochapishwa mwaka 1807 akalitungia jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya tofali. Jina hilo, laterite, leo limo katika vitabu vya elimu ya ardhi duniani kote; lakini waashi wa Malabar walikuwa wamekwisha kulijengea mahekalu na misikiti kabla hajazaliwa. Chokaa waliichoma kutokana na makome ya maziwa na mikono ya bahari, kama sisi tulivyoichoma kutokana na matumbawe. Na anayetaka kujua ustadi wa maseremala wao ulifika upeo gani na aende Padmanabhapuram, kasri ya wafalme wa Travancore mpaka mji mkuu ulipohamishiwa Trivandrum mwaka 1795: humo hupita katika vyumba vya mbao vilivyozungushiwa vimiani badala ya madirisha, mwanga ukiingia umekwisha kupunguzwa ukali wake, na upepo ukipita bila ya mwenye nyumba kuonekana na walio nje.

Maarifa hayo hayakuja kunyang'anywa na adui. Yalisahauliwa polepole katika karne ya ishirini, saruji na nondo zilipokuwa alama ya maendeleo, na mwashi alipoanza kuitwa mtu wa kale. Wakati huo ndipo alipotokea Laurie Baker, ambaye hakuzaliwa India.

Alizaliwa Birmingham, Uingereza, tarehe 2 Machi 1917, akasomea usanifu wa majengo katika mji huo huo, na ujanani akajiunga na Jamii ya Marafiki, yaani Quaker, ambayo ina wafuasi wengi hata Kenya ya magharibi. Katika itikadi yao unyofu wa maisha ni sehemu ya ibada, na kushika silaha ni jambo wasilolikubali. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alikwenda China pamoja na kikosi cha wauguzi cha Marafiki, akahudumia wagonjwa na majeruhi. Na katika safari ya kurejea kwao alikwama Bombay miezi mitatu hivi akingoja meli. Huko alikutana na Mahatma Gandhi. Yasemwa kwamba jambo la kwanza lililomvuta Gandhi lilikuwa viatu vya kijana yule, alivyojishonea mwenyewe kwa vitambaa vilivyotupwa. Katika mazungumzo yao Baker alisikia neno alilolikariri mpaka uzeeni: kwamba nyumba bora ya kijiji yapasa kujengwa kwa vitu vinavyopatikana ndani ya maili 5 kutoka kiwanja chake. Kijana aliyetoka katika mji wa viwanda angeweza kulihesabu neno hilo kuwa ndoto ya mzee mchamungu. Yeye alilichukua kama kipimo cha kazi, mfano wa timazi na pima maji.

Mwaka 1945 alirudi India kuwafanyia kazi waliohudumia wenye ukoma, kwani dawa mpya zilikuwa zimepatikana, na makao ya kuwatenga wagonjwa yalitakiwa yageuzwe kuwa hospitali. Mwaka 1948 alimwoa Elizabeth Jacob, daktari wa asili ya Kerala, wakahamia Pithoragarh katika milima ya Himalaya, wakaishi huko kiasi cha miaka 16, mke akitibu na mume akijenga, akiwa pia msaidizi wa mkewe hospitalini. Naamini miaka hiyo ndiyo iliyomfanya kuwa mjenzi, kuliko chuo alichokisoma. Vitabu alivyotoka navyo kwao vilimweleza chuma, kioo na saruji. Havikumweleza udongo uliokandwa na kinyesi cha ng'ombe, wala namna ya kuezeka kwa mawe bapa ya mlimani. Aliona kwamba nyumba za wakulima wale, ambazo hapana msanifu aliyezichora, zilistahimili theluji na mitetemeko na mvua, na kila kilichokuwamo kilikuwa na sababu yake. Akaketi chini, akauliza, akaiga.

Mwaka 1963 wawili hao walishuka kusini, wakakaa kwanza Vagamon katika vilima vya Kerala, kisha, baada ya miaka kadhaa, wakahamia Trivandrum. Hapo umri wake ulikuwa umepita miaka hamsini, na nyingi ya kazi zake kubwa zilikuwa bado hazijajengwa.

Kazi iliyomtangaza ni Kituo cha Mafunzo ya Maendeleo, kilichoasisiwa mwaka 1971 kwa juhudi za mchumi K. N. Raj, juu ya kilima chenye miti mingi pembezoni mwa mji. Msanifu mwingine angeanza kwa kusawazisha kilima. Baker aliyafuata maumbile ya ardhi kama yalivyo, majengo yakapanda na kushuka pamoja nayo, na palipokuwa na mti ukuta ulipinda kuupisha. Kupinda huko hakukuwa mapambo tu, wala huruma kwa mti tu, maana ukuta mwembamba ulionyooka huyumba na kuhitaji nguzo, lakini ukipindapinda husimama kwa nguvu zake mwenyewe. Hivyo mti ulipona, na matofali ya nguzo yakabaki bila kununuliwa.

Hapa napenda kusema lile ninaloliona kuwa kiini cha mtu huyu. Wengi wanaomsifu humwita mpenzi wa maumbile, na si uongo; lakini mapenzi ya maumbile yaweza kuwa starehe ya tajiri anayejenga kasri msituni. Kilichomwongoza Baker ni chuki ya israfu. Alijua kwamba kila tofali ni udongo wa shamba la mtu na kuni za msitu fulani, na kila mfuko wa saruji ni moto mkubwa uliowashwa mahali pasipoonekana. Na katika nchi yenye mamilioni ya watu wasio na maskani, kutumia matofali manne panapotosha matatu ni kumdhulumu asiyekuwa nayo. Insafu ilitangulia, na maumbile yakanufaika.

Kwa hiyo ukuta wake aliupunguza matofali. Badala ya kuyalaza, aliyasimamisha kwa ubavu, mawili yakitazamana na kuacha uwazi katikati, na baada ya kila jozi tofali moja likakingama kuziunga nyuso mbili. Mtindo huo ulijulikana zamani Uingereza, na waashi huuita mtego wa panya kwa sababu ya vyumba vitupu vilivyomo. Ukuta hubaki na unene ule ule, robo ya matofali huokolewa, na hewa iliyofungiwa ndani huzuia joto la jua lisipenye. Lipu hakupiga, kwa kuwa aliona tofali lililochomwa vyema na kupangwa kwa mkono mwaminifu halina aibu ya kufichwa. Dirisha lenye fremu, kioo na vyuma lilikuwa ghali mno machoni pake. Mahali pengi aliweka ukuta wa matundu, matofali yakiachana nafasi kwa mpango mfano wa kimia, ukaingiza upepo na kuvunja mwanga vipande vipande sakafuni.

Na sasa nakirudia kigae. Zege ni hodari wa kubeba uzito unaolibana, lakini ni dhaifu likivutwa, na katika dari bapa upande wa chini ndio unaovutwa, ambapo kazi yote ni ya nondo. Zege lililoko baina ya nondo hizo halina kazi ila kujaza nafasi na kuongeza uzito. Baker alichukua vigae vya Mangalore, aghalabu vilivyobomolewa katika nyumba kuukuu, akavipanga viwili viwili baina ya nondo, kisha akamimina zege juu yake. Dari ikawa nyepesi, saruji na chuma vikapungua, na aliyeketi chini akiinua macho huviona vigae vimejipanga kama nakshi.

Alifanya kazi bila ya ofisi wala kundi la wachoraji. Alichora juu ya migongo ya bahasha na karatasi zilizokwisha kutumika, na sehemu kubwa ya kazi aliiamulia kiwanjani, mwashi akiwa kando yake. Njia hiyo ina uzito wake, na sipendi kuuficha. Ujenzi wa namna hii hutaka jicho la kila siku, na mtego wa panya katika mikono mizembe ni ukuta mbovu. Tena wakandarasi na wasanifu ambao ujira wao hupimwa kwa gharama ya jengo hawakuwa na haja ya mtu anayeipunguza. Maskini wenyewe, walipoona nyumba za zege zikichipuka kwa fedha za ndugu zao waliokuwa vibaruani Ghuba tangu miaka ya sabini, mara nyingi walitamani hizo, kwa kuwa waliona ndani yake heshima waliyonyimwa muda mrefu. Sithubutu kuwalaumu.

Hata hivyo, mwaka 1985 Baker, K. N. Raj na C. Achutha Menon, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Kerala, walishiriki kuanzisha chama cha COSTFORD ili mafundi wafundishwe njia hizo na nyumba za wanyonge zijengwe kwazo. Serikali ya India, ambayo uraia wake alikuwa ameupokea, ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 1990. Yeye aliendelea kuishi katika nyumba yake ya Nalanchira, aliyoijenga kidogo kidogo juu ya mteremko wa mwamba ambao watu wengi wangeuona haufai kwa nyumba, akitumia vitu vilivyotupwa na wengine, chupa zikiwa zimetiwa ukutani zipitishe rangi za jua. Alifariki tarehe 1 Aprili 2007, na umri wake miaka 90.

Karibu na stesheni ya reli ya Trivandrum lipo jengo lake la mviringo, mkahawa wa Indian Coffee House, mali ya ushirika wa wafanyakazi wake. Halina ghorofa kwa maana ya kawaida, maana sakafu yake ni njia moja inayopanda ikijizungusha kama gamba la konokono, meza zikiwa zimejengewa kando ya ukuta mwekundu wa matundu. Abiria anayengoja gari la moshi hupanda mpaka apate kiti, akaagiza kahawa, na upepo wa mji ukampitia ubavuni.